Shati la Sadrack

Gamaliel alipewa jina la mwalimu wa Mtume Paulo kwa sababu baba yake, mwinjilisti wa vijijini, alitaka mtoto ambaye wakubwa wangekaa miguuni pake wakijifunza. Mungu alisikia ombi hilo nusu. Gamaliel akawa mwalimu kweli, ila wanaokaa mbele yake ni vijana wa humanités, yaani sekondari ya juu, option ya biochimie, katika shule moja ya mlimani mjini Butembo, na wengi wao hukaa wakiwa wamelala.

Yeye hakuwalaumu. Wengine walikimbia vita na familia zao zote wakajibana kwa jamaa. Wengine waliamka alfajiri kuchota maji kabla ya kuja kusoma sifa za maji. Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuchoka. Uchovu wake haukuwa ule unaoisha kwa kulala. Uliingia mwilini kidogo kidogo, kwa chaki, kwa mgomo wa walimu, kwa milio ya risasi upande wa Beni, kwa mazishi, mpaka ukawa kama kiungo kimoja zaidi, ambacho aliamka nacho na kukivalisha shati.

Somo moja tu lilimwamsha mwalimu mwenyewe. Lilikuwa somo la jinsi maji yanavyonyamazisha wajumbe wa mwili. Kitabu kiliandika kwa Kifaransa, kwa mishale na herufi. Gamaliel, akiona vichwa vinashuka, aliacha Kifaransa ubaoni na kuingia Kiswahili cha kwao.

“Sikieni. Neva inataka kuambia musuli: kaza! Inatuma mujumbe. Jina yake acétylcholine. Anafika, anagonga mulango, musuli unakaza. Bon. Sasa nani atamwambia mujumbe anyamaze?”

“Préfet!” sauti ikatoka nyuma, ikimtaja mkuu wa shule. Darasa likaamka kucheka.

“Mayi,” akasema Gamaliel. “Munajua siku ya yenga ku kanisa, wakati ya matangazo? Mutu anapanda mbele kutangaza mbuzi yake ilipotea. Anasalimia kanisa. Anatoa ushuhuda. Anashukuru choeur ya baimbaji. Anaanza wimbo. Nani anamutoa?”

“Protocole!”

“Voilà. Protocole anakuya polepole na kitambaa yake ku bega, anamushika kiwiko. Ndani ya mwili, protocole ni enzyme. Lakini kisu mwenye iko nayo mukononi ni mayi. Mayi inajigawa: nusu inaenda huku, nusu kule, na mujumbe anakatika bipande mbili. Kipande moja ni ile asidi ya vinaigre, siki. Ingine ni choline. Hakuna hata moja inaweza kugonga mulango tena. Musuli unapumzika. Hiyo ndiyo hydrolyse.”

Aliwaambia pia kwamba wajumbe wengi ndani ya seli huishia hivyohivyo, kwa maji kuwakata kwa wakati wake. Sumu ya kipindupindu, alisema, hufanya ujanja wake hapohapo: ndani ya utumbo iko swichi ambayo maji huizima, na sumu ile huyazuia maji yasiizime, swichi inabaki imewaka, na mtu anamwagika mpaka anakauka. Watu hudhani mwili unaishi kwa kupashana habari. Gamaliel aliona kazi kubwa zaidi ni kuzimaliza.

“Prof,” akauliza Ornella, msichana ambaye hakulala, “na kama protocole bamufunga mikono?”

“Hapo mutangazaji haikai chini. Kanisa yote inakufa na habari ya mbuzi.”

Darasa lilicheka, kengele ikalia, na Gamaliel akafuta ubao. Alikuwa ameshafundisha somo hilo miaka mingi, na hakuwahi kuona hata mara moja mtu ambaye protocole wake amefungwa mikono.

Jumamosi moja alipanda kwenda Vuhovi kwa dada yake mdogo Kanyere, aliyeolewa na Sadrack, mkulima wa nyanya. Alikwenda huko kila alipoweza, kwa sababu moja ambayo hakuisema: kule hakuna mwanafunzi, na Sadrack ni mtu anayeweza kukaa na mgeni wake kutwa nzima bila kumuuliza kitu. Mvua ya jana ilikuwa imeharibu njia. Mwenye pikipiki alimshusha chini ya kilima, akamtakia Mungu amtangulie, akageuza.

Gamaliel alipofika juu, jambo la kwanza lililomshangaza ni kimya. Watu walikuwepo, tena wengi, lakini walisimama mbali na ua wa Kanyere, wamejipanga kama watu wanaopigwa picha. Mbele yao, chini, kamba ya mbuzi ilikuwa imenyoshwa kutoka pembe ya ukuta wa nyumba mpaka kwenye kigingi. Ng'ambo ya kamba, karibu na banda, Sadrack alikuwa amelala ubavu kwenye udongo.

“Yaya!” Kanyere akamwita kaka yake kwa kelele. Wanawake wawili walikuwa wamemshika mikono. “Yaya, banakataa niende kwake!”

“Prof, simama pale pale,” akasema mzee Jacob. “Hapana pita kamba.”

Jacob alikuwa jirani yao. Wakati wa Ebola alikuwa mmoja wa wale waliopita nyumba kwa nyumba wakieleza watu wasiguse wagonjwa wala maiti, na watu walimtukana, wakamrushia mawe, wakasema anakula na wazungu. Halafu walianza kufa. Yeye mwenyewe, kabla hajajua, alikuwa ameosha maiti ya kaka yake. Aliyepona kati ya wale waliosaidia kuosha ni Jacob peke yake. Tangu hapo Vuhovi ilimsikiliza. Ilikuwa imechelewa, kama kawaida ya kusikiliza.

“Ana nini?” Gamaliel akauliza.

“Anatapika. Anahara. Mate inamutoka kama mutaro. We unauliza ana nini? Mwaka ile ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa Butembo, papa.”

“Basi unajua.”

Alijua. Mwalimu mwenzake wa jiografia alishushwa kaburini na watu waliovaa meupe mpaka machoni, na darasa zima likaangalia kutoka barabarani, kwa sababu kusogea karibu hakukuruhusiwa.

“Amevuja damu?”

“Damu inakuyaka nyuma, ku mwisho,” akasema Jacob. “Tulimwita infirmière Florentine, nesi yetu. Iko njiani. Mpaka afike, hakuna mutu anaguza mutu. Ni hivyo tulifundishwa, na ni hivyo tulipona.”

Hakuna neno hapo ambalo Gamaliel angeweza kulisahihisha. Akabaki upande wa watu, akamtazama shemeji yake kwa mbali. Sadrack alitokwa jasho kama mtu aliyetolewa mtoni. Machozi, mate, kamasi, mkojo: kila tundu la mwili lilikuwa limefunguliwa. Shati lilikuwa limenata mgongoni, limelowa kuliko mahali pengine pote. Na chini ya ngozi ya mkono, nyama ilikuwa inarukaruka yenyewe, vipande vidogo vidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi.

Upepo ukageuka. Ukaleta harufu ya kitunguu saumu kilichooza ndani ya petroli.

“Kanyere,” akasema, “asubui Sadrack alikuwa anafanya nini?”

“Alikuwa ku shamba. Alikuwa anapiga dawa ya badudu ku tomati na pompe. Pompe inamuvujia ku mungongo, mi nilimwambia, nilimwambia tangu yenga ile ilipita! Akasema pompe ni yake na mungongo ni yake. Akarudi, anasema macho inaona giza. Anasema kifua inafungana. Kisha akaanguka.”

Gamaliel akalitambua somo lake. Haikuwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Ilikuwa kama kumkuta mlangoni kwako mtu uliyezoea kumsema tu.

Wale waliosimama walikuwa hawajakosea hata kidogo katika walichofundishwa. Mgonjwa anayemwagika haguswi. Nguo zake haziguswi. Unaweka mpaka, unaita, unangoja. Lakini nguo yenyewe ndiyo ilikuwa inamuua Sadrack. Kila dakika ya tahadhari yao, dawa ilikuwa inanywewa na ngozi ya mgongo, inakwenda kumfunga protocole mikono. Wajumbe hawakatwi, misuli inatangaziwa jambo lilelile bila kikomo, na mwishowe misuli ya kupumua inachoka kabisa. Mambo ya kuchoka Gamaliel aliyafahamu.

“Papa Jacob, hii ni dawa ya badudu. Ile shati lazima itoke. Iko inamuua.”

“Uko sûr?”

Hilo swali, kama ana hakika, aliulizwa maisha yake yote, na wakaguzi, na wazazi, na watoto wa mwaka wa sita, na siku zote alijibu ndiyo, kwa sababu ubaoni ukikosea unafuta. Sasa aliwaza nyumba yake, mkewe, watoto wake wanaolala wawili wawili kwenye godoro moja. Kuna watu waliopuliza dawa asubuhi na wakaumwa Ebola mchana. Hakuna sheria inayokataza.

“Hapana,” akasema. “Siko sûr. Kwanza nitaangalia macho yake.”

“Ukipita kamba, haurudi huku. Hata kama uko prof. Utakaa upande ule mpaka bajue ni nini.”

“Sawa.”

“Haya. Mi nimekuambia.”

Gamaliel akavua koti, akamwomba mwanamke mmoja mifuko ya plastiki ya sokoni. Akaivaa mikononi, miwili kila mkono, akaifunga kwa nyuzi za mgomba. Alionekana kama muuza samaki. Halafu akavuka kamba, na akasikia watu wakivuta pumzi pamoja, kama kanisani pasta anapotaja dhambi ya mtu bila jina.

Akapiga magoti. Pale kwenye kivuli cha banda, mboni za mtu yeyote zingefunguka. Za Sadrack zilikuwa zimefungana kuwa vidoti, kama mahali palipochomwa kwa ncha ya sindano. Kitabu kiliandika hivyo hivyo kuhusu sumu ya aina hii, kwa mstari mmoja, chini ya mchoro ambao mwaka jana hakuuchora ubaoni kwa sababu chaki ilikuwa imekwisha.

“Semeki,” akamwita shemeji yake. “Unanisikia?”

Sadrack akasogeza midomo. Ikatoka povu.

“Wembe! Sabuni! Mayi mingi!” Gamaliel akaita.

Hakuna aliyesogea. Halafu kipande cha sabuni kikaruka hewani, kikatua kwenye matope. Wembe ukafuata, umefungwa kwenye jani. Mzee Jacob mwenyewe alileta beseni la maji mpaka kwenye kamba na kulisukuma ng'ambo kwa mti mrefu, polepole, lisimwagike. Sheria alikuwa ameitimiza yote.

Gamaliel akachana shati kuanzia ukosini. Lilibanduka kama ganda la ndizi iliyoiva. Akalitupa mbali, akaanza kuosha mgongo kwa sabuni, akamwaga, akaosha tena. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba wampe maziwa, maziwa yanaua sumu, kila mtu anajua.

“Hapana mupe kitu! Atapaliwa, afe na maziwa!”

Aliendelea kumwaga. Juu ya ngozi maji bado yalikuwa na nafasi. Ile sumu nayo hukatwa na maji, polepole, na kwa maji ya sabuni upesi kidogo. Lakini ikishakaa juu ya protocole ndani ya mwili, maji huja pale na kubisha na kubisha, na kufunguliwa hakuna. Kwa hiyo alikuwa anapigana na sumu ambayo haijaingia. Iliyoingia haikuwa mikononi mwake.

Nyuma yake kamba ilivutwa. Kanyere alikuwa amewaponyoka wanawake.

“Kanyere!” Jacob akaita. “Mutoto wangu, rudi!”

“Papa, nikimuzika, nitamuzika nimemuguza!”

Jacob akatazama ng'ambo ya bonde. Kaka yake mwenyewe alikuwa amezikwa kwenye kilima kilichofuata.

“Vaa mifuko kwanza,” Gamaliel akamwambia dada yake. “Kisha shika kichwa yake, igeuze kwa upande. Hivyo.”

Wakaosha pamoja. Pumzi ya Sadrack ilikuwa inakoroma kwa ndani, kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko. Ikakatika. Kanyere akapiga yowe. Ikarudi.

Florentine alifika kwa miguu, matope mpaka magotini, pikipiki yake imekwama kule chini. Alisimama kwenye kamba, akatazama mara moja, kisha akaanza kuvaa: glavu, barakoa, miwani, kanzu ya plastiki. Hakuharakisha na hakuchelewa.

“Nani alimuvua shati?”

“Ni mimi,” akasema Gamaliel, akijiandaa kugombezwa.

“Muzuri. Na suruali?”

Gamaliel akatazama suruali. Ilikuwa imelowa dawa mpaka mapajani, kwa sababu kinachovuja mgongoni hushuka. Miaka yote hiyo ya kufundisha, na hakufikiria suruali.

“Eheh, baprof,” akasema Florentine, naye tayari ameikata. “Bamama, geukeni! Ao muangalie, itawasaidia nini?”

Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho kikalegeza kitu katika ua mzima. Florentine akatafuta mshipa, akaupata, akaingiza dawa ya atropini. Akangoja, akasikiliza kifua, akaingiza nyingine. Alikuwa amejikinga kama kwa Ebola na anatibu kama kwa sumu, yote mawili kwa pamoja, na hakuna mtu pale, pamoja na Gamaliel, aliyekuwa amewaza kwamba hilo linawezekana.

“Hii haitamufungua protocole,” Gamaliel akanong'ona, bila kukusudia.

“Nani?”

“Enzyme.”

“Hapana. Hii inaziba tu masikio ya wenye kusikia.” Florentine hakuinua macho. “Kuko dawa ingine ya kufungua. Tuliisoma shuleni. Mi siyaiona hata siku moja. Ile iliyofungwa, mwili utatengeneza ingine, siku kwa siku, kama ataishi. Tumuombee apumue.”

Kidogo kidogo mate yalipungua. Mkoromo ukawa mwepesi. Ampuli nazo zilipungua, na Florentine akasema lazima washuke Butembo kabla hazijaisha.

Wenye pikipiki wawili waliokuwa wamesimama chini walikataa. Mmoja alisema ana watoto. Mwingine alisema hana watoto bado, na anawataka. Aliyewashawishi ni Jacob. Hakuwaambia kwamba si Ebola. Aliwaambia: “Mutamubeba na turubai mupya, na infirmière ataosha pikipiki zenu na mayi ya chlore mbele yangu. Mukiumwa, mi mwenyewe nitakaa ku mulango yenu, niwalinde.” Kwa Vuhovi hiyo ilikuwa dhamana ya kutosha. Sadrack akakazwa katikati ya dereva na Florentine, kichwa begani mwa nesi. Gamaliel akafuata kwa pikipiki ya pili pamoja na Kanyere, mifuko ya plastiki bado mikononi mwake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia avue.

Hospitalini walimchukua Sadrack damu kwa ajili ya Ebola, kama inavyotakiwa, na wakaendelea na atropini. Gamaliel na Kanyere walioshwa, wakapewa nguo za watu wengine, wakawekwa kwenye chumba cha pembeni kungoja majibu. Gamaliel kichwa kilimuuma na pua ilimchuruzika. Wakamchunguza macho na kumwambia kwamba naye amekunywa sumu kidogo kwa ngozi, mifuko ya sokoni si glavu. Alimpigia mkewe simu, akamwambia asimngoje. Mkewe akauliza kwa nini. Alijaribu kueleza, akachoka katikati ya sentensi.

Majibu yalitoka Jumapili mchana. Haikuwa Ebola. Sadrack alikuwa anapumua mwenyewe, mdomo umemkauka kama kitambaa, na daktari alisema atabaki siku kadhaa, kwani sumu kama hiyo huweza kugeuka na kurudia kifua. Lakini alisema “atabaki”, na Kanyere alilishika neno hilo peke yake, akakaa chini ukutani, akalia kwa mara ya kwanza.

Jacob alikuja kutoka ibadani, na suti yake. Aliuliza majibu mlangoni, akaambiwa, akauliza tena kwa daktari mwingine. Ndipo akaingia wodini. Akamtazama Sadrack aliyelala, kisha akakaa kwenye benchi kando ya Gamaliel.

“Prof.”

“Papa.”

“Na kama ingekuwa ile?”

Gamaliel akafikiri kama kuna jibu lingine. “Ningekufa, papa.”

“Na Kanyere?”

“Na yeye.”

“Na batoto yako?”

Dirishani mtu alikuwa anakung'uta shuka.

“Donc basi mi sikukosa,” akasema Jacob.

“Hapana. Haukukosa.”

“Lakini ningemuua.”

“Ndiyo, papa.”

Mzee akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Alionekana kama mtu aliyepewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na anatafuta namna ya kuupanga begani.

“Sasa siku ingine mi nitawaambia batu nini?”

Gamaliel alianza kumwambia: wavae kitu mikononi, waangalie macho, waulize mtu alikuwa anafanya nini asubuhi. Alifika kwenye macho. Ulimi ukawa mzito, kichwa kikaanguka mbele, akashtuka, akaanza upya, kikaanguka tena. Jacob akasogea mpaka mwisho wa benchi, akavua koti la suti, akalikunja.

“Lala, prof. Utaniambia kesho.”

Gamaliel akajinyoosha palepale, miguu ikining'inia. Jacob alibaki amekaa wima, akihesabu kwa macho pumzi za Sadrack.